Tundu Lililo Juu ya Dirisha

Fundi wa madirisha akipita Eastlands, mashariki mwa Nairobi, huisoma mitaa kwa njia yake. Kaloleni, Jericho, Maringo, Mbotela: kwenye nyumba nyingi za zamani, juu ya dirisha na chini kidogo ya paa, utaona matundu ya hewa yaliyoachwa ukutani tangu siku ya ujenzi. Hayana kibao wala komeo, hayafungiki. Ukivuka kwenda Kayole, Umoja Innercore, Huruma au Pipeline, matundu hayo yanapungua, madirisha yanakuwa madogo, na vyumba vingi vilivyobahatika kuwa na tundu vimeliziba kwa gazeti, kwa kitambaa au kwa simiti kabisa. Nimechomelea madirisha ya chuma katika mitaa hii maisha yangu yote ya kazi, kwanza kwenye jua kali pale Kamukunji, na sasa kwenye kibanda changu Kayole. Naandika historia ya tundu hilo kwa sababu naamini limewakinga watu wengi wasiojua kwamba wamekingwa, na kwa sababu mwaka 2020, tulipolihitaji sana, hakuna aliyelitaja.

Nairobi ni mji uliopangwa kwa hofu ya magonjwa. Mwaka 1902, mji ukiwa bado mchanga, tauni iliingia katika bazaar ya Wahindi, na wakubwa wakaamuru bazaar ichomwe moto. Tauni ilirudi tena, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuja kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa kwamba kila rangi ikae mahali pake. Tauni ile ilienezwa na viroboto wa panya, na kiroboto hana habari na rangi ya mtu, lakini ushauri huo ulitumika kugawa mji mzima. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na bustani zake. Waafrika waliachiwa tambarare ya mashariki, ng'ambo ya reli na kando ya mto.

Kabla mtaa wa Waafrika wa Pumwani haujafunguliwa, ulikuja ugonjwa mwingine, na huo haukuhitaji panya. Septemba 1918 homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima ilishuka Mombasa, ikiletwa na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani, kisha ikapanda bara kwa reli. Watu walikuwa wamechoka, wana njaa, na maelfu ya vijana waliokuwa wapagazi wa jeshi walikuwa wamekwisha kufia njiani. Nyumba hadi nyumba, mtu mmoja akikohoa, wote walilala. Ninapotafuta mwanzo wa habari ninayoieleza, nauona hapo: ugonjwa unaosafiri katika pumzi ulikuta mji ambao viongozi wake walifikiri kinga ni kuwatenga watu, na si kuwapa hewa.

Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Watu walitolewa vijiji vyao vya kale, Maskini, Kaburini na vinginevyo, wakaambiwa wakajenge huko. Watu wa Pangani waligoma kuhama hadi kijiji chao kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakapelekwa Shauri Moyo. Nyumba za Majengo, huko Pumwani, wakazi walizijenga wenyewe, wengi wao wakiwa akina mama wa Kiislamu waliowekeza akiba yao katika vyumba vya kupangisha: udongo na fito, paa la madebe yaliyokunjuliwa, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Wazee wa Majengo niliowafanyia kazi walinieleza kwamba maisha yalikuwa uani na barazani, na ndani paliingiwa kulala. Sidhani nyumba ile inasifiwa vya kutosha. Ilikuwa na udhaifu mwingi, mvua na moshi na kunguni, lakini ilimtoa mtu nje mchana kutwa, na hewa ilipita kati ya ukuta na paa.

Nyumba zilizojengwa na mabwana zilikuwa jambo jingine. Reli iliwajengea wafanyakazi wake landhi za Muthurwa, safu za vyumba vilivyoshikana mgongo. Manispaa ilipoanza kujenga, ilijenga kwa hesabu ya kitanda: mwanamume alilipia nafasi ya kulala, akashiriki chumba na wengine wawili au watatu. Bahati, iliyojengwa karibu na mwaka 1950, ilianza kwa mtindo huo. Serikali ilimwona Mwafrika kama mseja aliyekuja mjini kwa muda, ambaye mke na watoto wake wako mashambani, na mseja hahitaji zaidi ya mahali pa kuweka mbavu. Kifua kikuu kilipenda vyumba hivyo. Mtu akikohoa usiku kucha, wenzake watatu walikuwa wakivuta pumzi yake hadi alfajiri, kisha mwisho wa mwaka kila mmoja akarudi kwao na zawadi na kikohozi.

Kaloleni ilikuja katika miaka ya 1940, ikiwa na nia tofauti. Ilijengwa kwa ajili ya familia: nyumba za chini zenye kuta za mawe, vigae vyekundu, nyasi na miti katikati, ukumbi wa mikutano ambamo siasa za uhuru zilipata sauti. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948, uliotungwa na Thornton White na wenzake kutoka Afrika Kusini, ulitaka mitaa ijitegemee, kila mmoja na shule, uwanja na duka lake. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ikasema mshahara wa Mwafrika umtoshe kuishi na mkewe na watoto. Sababu za mabwana hazikuwa huruma tupu. Migomo ilikuwa imewatia hofu na walitaka wafanyakazi waliotulia. Lakini waliochora nyumba hizo walikuwa na mazoea ya zama zao, na zama zao zilikuwa za kifua kikuu bila tiba. Mchoraji wa wakati huo alijua kwamba chumba kina watu na watu wana pumzi. Aliweka dirisha mbele na jingine nyuma, dari juu, na tundu ambalo mpangaji hawezi kulifunga hata akitaka.

Sisi tulikaa Jericho. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli aliyepata nyumba ya halmashauri miaka ya kwanza ya uhuru. Baba mdogo alipougua kifua kikuu, miaka ya sabini, alikuja kukaa nasi ili awe karibu na kliniki. Wakati huo tiba ilikuwa ndefu mno, sindano kila siku mwanzoni, kisha vidonge mwaka mzima na zaidi. Muuguzi aliyekuja nyumbani alizunguka chumba kwanza kabla ya kumtazama mgonjwa. Akamwambia mama, "Kitanda kisogezeni hapa chini ya dirisha. Liwe wazi usiku na mchana. Mchana mtoeni akae nje juani." Mama aliogopa baridi, akauliza kama haitamwongezea kikohozi. Muuguzi akamjibu, "Mama, blanketi litamkinga na baridi. Hawa watoto wako watakingwa na nini?" Tulilala watoto watano katika nyumba ile na hakuna aliyeambukizwa. Siwezi kuapa kwamba ni dirisha peke yake, maana dawa nazo hupunguza uambukizaji upesi. Lakini agizo la muuguzi ndilo lililonipeleka, miaka mingi baadaye, kusoma kilichokuwa nyuma yake.

Mwaka 1934 mhandisi Mmarekani, William Firth Wells, alieleza jambo ambalo lingepaswa kuwa maarifa ya kila nyumba. Mtu akikohoa, akiongea, akiimba au akipumua tu, hutoa matone ya ukubwa tofauti. Makubwa huanguka chini. Madogo hukauka kabla hayajafika sakafuni, na kinachobaki ni chembe nyepesi inayoelea, ikisambaa chumbani kama moshi wa sigara. Mtu aliye upande wa pili wa chumba anaivuta. Wells alitundika taa za miale ya urujuanimno, inayoua vijidudu, katika madarasa ya Philadelphia, na watoto wa madarasa hayo walipata ukambi kidogo sana kuliko wenzao wakati mlipuko ulipokuja. Miaka ya hamsini yeye na daktari Richard Riley walifanya jaribio lililomaliza ubishi, katika hospitali moja ya Baltimore. Hewa ya wodi ya kifua kikuu waliielekeza kwa mabomba hadi kwenye chumba cha juu kilichojaa simbilisi, wale wanyama wadogo wafananao na panya wasio na mkia. Hapakuwa na kugusana wala kutemeana mate. Kilichowaunganisha na wagonjwa ni hewa tu. Mmoja baada ya mwingine, simbilisi waliambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa ileile baada ya kupitishwa kwenye miale lilibaki salama.

Halafu dawa zikashinda, na ushindi huo una sehemu yake ya Afrika Mashariki. Majaribio yaliyofanywa katika nchi zetu na Zambia, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa ya rifampicin ingeweza kufupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita. Ni fahari kubwa, na wachache mtaani wanaijua. Lakini kidonge kilipopatikana, dirisha likaonekana jambo la kizamani. Wachoraji wapya hawakuwa tena na hofu ya waliowatangulia.

Na mji ukafurika. Dandora ilianza katikati ya miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000, kila kimoja na choo na bomba, mwenyewe amalizie vyumba kadiri ya uwezo wake. Umoja ikajengwa kwa msaada wa Marekani, nyumba za chini zenye nafasi ya kuongeza. Mawazo mazuri yote mawili. Lakini watu waliendelea kuja, na kodi ya chumba ikawa biashara inayolipa kuliko nyingine yoyote ambayo mtu wa kipato cha kati angeweza kuifanya. Nyumba ya chini ikavunjwa, ikainuka ploti ya ghorofa tano, sita, saba, ukuta ukifuata mpaka wa kiwanja hadi inchi ya mwisho. Huruma na Pipeline zikawa hivyo hivyo. Ngazi katikati, ushoroba mrefu wenye giza, vyumba vya futi kumi kwa kumi huku na huku, choo na bafu mwisho wa ushoroba. Chumba kina dirisha upande mmoja tu, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jirani ambao unaweza kuugusa kwa mkono. Hewa ikiingia haina pa kutokea.

Kazi yangu ilibadilika pamoja na ploti hizo. Zamani oda ya dirisha ilikuja na kipande cha juu chenye nafasi ya hewa na wavu wa mbu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka ya tisini wakaanza kuniambia nikiondoe. Nakumbuka mzee mmoja mwenye ploti Kayole, mtu mpole aliyelipa mafundi wake kwa wakati.

"Fundi, weka futi mbili kwa mbili. Na hilo tundu la juu toa, mpangaji atakuja kunililia baridi."

"Mzee, humo watakaa watu wanne."

"Basi wakiwa wanne si watapashana joto?"

Alisema alichoona. Na wapangaji wanaofunga madirisha siwalaumu hata kidogo, maana nimeketi vyumbani mwao nikipima. Julai ya Nairobi inaingia mifupani. Kuna wezi wenye fito ndefu zenye ndoano, wanaovua nguo na simu kupitia dirishani usiku wa manane. Kuna vumbi la barabara isiyo na lami, mbu wa mtaro, harufu ya jaa la Dandora upepo unapogeuka. Kuna jirani anayekuona ukivaa. Tena tumelelewa kuamini kwamba upepo ndio unaoleta nimonia. Panda matatu yoyote asubuhi ya baridi uone: abiria mmoja akifungua dirisha, mama wa kiti cha nyuma anamwambia, "Tafadhali funga, nina mtoto." Anampenda mtoto wake, na anamfungia ndani na kikohozi cha watu wote waliomo.

Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani liliuambia ulimwengu kwamba virusi hivyo havisambai hewani. Kwa hiyo tukafanya tulivyoambiwa. Mitungi ya maji na sabuni ikawekwa kila mlango wa duka. Magari yakanyunyiza dawa barabarani, juu ya lami isiyopumua. Mikono yetu haijawahi kuwa safi namna ile, na hilo lina faida zake kwa magonjwa mengine. Lakini amri ya kutotoka nje, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliwarudisha watu wa Eastlands katika vyumba vya futi kumi kwa kumi, familia nzima, madirisha yamefungwa, kwa muda wa saa kumi kila usiku. Baba aliyekuwa akikaa nje na wenzake hadi saa nne sasa alikuwa ndani tangu magharibi. Mei, Eastleigh ikafungwa, watu wasitoke wala wasiingie. Mtu wa Runda mwenye vyumba sita anaweza kufungiwa ndani akawa salama. Kwa mtu wa Mathare North, amri hiyohiyo ilimweka penye hatari yenyewe.

Julai mwaka huo wanasayansi 239, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, waliandika barua ya wazi wakisema hewa ndiyo njia. Shirika lilibadilisha maelezo yake polepole, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa 2021. Kufikia Novemba 2020 watafiti waliopima damu za watu katika kaya za Nairobi walikuta karibu theluthi moja wameshaambukizwa. Sikushangaa. Nilikuwa nimepima vyumba hivyo mwenyewe, futi kwa futi.

Tufanye hesabu, maana fundi haamini kisichopimika. Chumba cha futi kumi kwa kumi, urefu futi nane, kina hewa kama mita 23 za ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka kila mtu apate lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Watu watano ni lita 50 kwa sekunde, yaani mita 180 za ujazo kwa saa. Hewa yote ya chumba hicho inapaswa kubadilishwa karibu mara 8 kila saa. Dirisha moja lililofungwa na mlango uliofungwa haviwezi kufika hata mara moja.

Lakini inawezekana, na bila umeme. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vyao vya hospitali za Lima, Peru. Vyumba vya majengo ya zamani, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilipofunguliwa vilibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Vile vya majengo mapya, vikiwa wazi pia, mara 17. Vyumba vya kisasa vyenye mashine maalumu, vilivyojengwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya wagonjwa wa kuambukiza, mara 12. Niliposoma nambari hizo nilifikiria Kaloleni. Nilifikiria pia kliniki za kifua kikuu za mitaani kwetu, ambako wagonjwa husubiri kwenye benchi chini ya bati lisilo na kuta, kwa sababu wauguzi wa kifua kikuu hawakuwahi kusahau.

Barakoa ina nafasi yake, hasa ile nzito inayobana uso vizuri, ndani ya matatu, kliniki, au unapomuuguza mgonjwa chumba kimoja. Chanjo zina nafasi kubwa zaidi. Hayo mtu anaweza kuyafanya mwenyewe. Nyumba hawezi kuibadilisha mwenyewe kwa sababu si yake, na ndiyo maana nasumbua wenye ploti. Nawaambia tundu moja juu ya dirisha halitoshi. Liwe na mwenzake juu ya mlango, ukutani, ili hewa iingie huku itokee kule. Kipande cha wavu mzito na vyuma viwili vya kukingama kinamzuia mwizi na mbu. Kwenye ushoroba, vunja tofali chache kila ncha, weka matofali ya matundu. Mpangaji atapata baridi kidogo, ni kweli, lakini jiko la makaa lililowashwa chumbani Julai halitamuua usingizini, jambo ambalo hutokea mtaani kwetu kila msimu wa baridi na hatulihusishi na dirisha. Wengine wananisikiliza. Wengine wananiambia nitengeneze nilichoagizwa.

Sasa mitaa ya zamani inaondoka. Nyumba za kale za halmashauri kule Pangani zimeshavunjwa na maghorofa marefu yamesimama mahali pake. Jericho, Maringo, Bahati na Ziwani ziko kwenye mipango ya kujengwa upya. Siombi zibaki. Zimechakaa, paa zinavuja, na watu wanahitaji makao. Naomba wanaochora waende kwanza wakasimame ndani ya nyumba moja ya Kaloleni saa nane usiku na karatasi mkononi, waone jinsi inavyopepea. Ghorofa ishirini zenye madirisha pande mbili zinawezekana. Ushoroba ulio wazi upande mmoja unawezekana. Mitaa kadhaa ya miaka ya sabini ilijengwa hivyo.

Kwa sasa nina oda ya shule moja ya msingi hapa Kayole, ya mabati na mbao. Madarasa yake yana madirisha upande wa mbele pekee, na watoto ni wengi. Mwalimu mkuu, mama aliyempoteza mwenzake wa kazi mwaka 2021, ameagiza madirisha ya ukuta wa nyuma yawe na upana sawa na ya mbele, na juu ya kila moja pawe na nafasi isiyofungika. Vyuma vimeshakatwa. Tutayapachika likizo ya Agosti, kabla watoto hawajarudi.